Kipofu Aliyepitisha Barabara Juu ya Kinamasi

Kila masika inapomalizika, mazungumzo ya barabara huanza upya visiwani mwetu. Mwenye gari ya ng'ombe hulalamika, dereva wa gari ya abiria hulalamika, mkulima ambaye mazao yake yamelala shamba kwa kukosa usafiri hulalamika, na kiongozi wa eneo huulizwa maswali ambayo aghalabu hana majibu yake. Lawama huangukia kile kinachoonekana kwa macho, yaani uso wa barabara: lami imepasuka, kifusi kimechukuliwa na maji, mashimo yamezidi. Ni wachache wanaouliza juu ya kile kilicho chini ya uso huo, ilhali huko ndiko ugonjwa unakoanzia. Udongo ulioshiba maji hauna nguvu ya kubeba mzigo. Hata ukiumwagia kokoto kiasi gani, utazimeza zote na kudai nyingine mwaka unaofuata.

Kwa sababu hiyo, safu hii leo inamleta mbele ya wasomaji wake mtu aliyefariki zaidi ya miaka 200 iliyopita, ambaye aliyafahamu mambo haya kuliko wapimaji wa zama zake. Mtu huyo hakuwa na shahada ya uhandisi wala hakupata kuketi katika chuo chochote cha ufundi. La kutiwa maanani zaidi ni kwamba hakuwa na macho ya kuona. Jina lake ni John Metcalf, na watu wa mji wake wa Knaresborough, katika jimbo la Yorkshire nchini Uingereza, wanamkumbuka mpaka leo kwa jina la Jack Kipofu.

Metcalf alizaliwa tarehe 15 Agosti, 1717, katika nyumba ya watu wa hali ya chini. Alipofika umri wa miaka sita alishikwa na ndui, maradhi ambayo katika zama hizo yaliwaua watoto wengi na kuwaacha wengine na makovu au upofu. Yeye alinusurika, lakini macho yake yote mawili yalikwisha. Kwa desturi za wakati ule, mtoto wa maskini aliyepofuka alikuwa na njia mbili mbele yake: kuomba, au kujifunza muziki ili apate riziki kwenye sherehe za wengine. Wazazi wake walimfundisha kupiga fidla, chombo ambacho sisi watu wa visiwani tunakijua vyema katika taarab, na akawa mpigaji hodari aliyeitwa kwenye ngoma za matajiri katika mji wa Harrogate, uliokuwa mashuhuri kwa chemchemi zake.

Lakini kijana huyu hakukubali kufungwa ndani ya kazi moja. Alijifunza kuogelea katika mto Nidd, alijifunza kupanda farasi, akafanya biashara ya kununua na kuuza farasi kwa kuwapapasa kwa mikono yake, na mara kadhaa aliwaongoza wageni wenye macho usiku kupita njia asizoweza kuzikosa. Mwaka 1739 alimuoa Dorothy Benson, binti wa mwenye nyumba ya wageni ya Harrogate, kwa kutoroka naye usiku wa kuamkia siku ambayo binti huyo alikuwa aolewe na mwanamume mwingine. Ndoa hiyo ilidumu mpaka mauti ya mke mwaka 1778. Inasimuliwa pia kwamba aliwahi kutembea kwa miguu kutoka London hadi Harrogate, mwendo wa zaidi ya maili 200, akafika kabla ya kanali mmoja aliyesafiri kwa gari la farasi. Habari hiyo inatueleza nguvu za miguu yake, na inatueleza zaidi hali ya barabara za nchi yake katika miaka ile.

Mwaka 1745 palipozuka uasi wa wafuasi wa ukoo wa Stuart waliotaka kurudisha ufalme wao, Metcalf alijiunga na kikosi cha watu wa kujitolea wa Yorkshire akiwa mpiga muziki, na alisaidia kuandikisha vijana. Alikuwa pamoja na jeshi la serikali huko Falkirk mwezi Januari, 1746, katika pigano ambalo mizinga mizito ya jeshi hilo ilikwama katika ardhi chepechepe, ikashindwa kufikishwa ilikotakiwa. Jeshi lile lilishindwa siku hiyo, japo lilishinda miezi mitatu baadaye huko Culloden. Hapana shaka kwamba askari yeyote aliyekuwapo Falkirk aliondoka na funzo moja: mzinga wenye nguvu kuliko yote hauna faida ikiwa ardhi iliyo chini yake haiwezi kuubeba.

Kazi iliyomkutanisha na barabara kila siku ilikuwa uchukuzi. Kabla ya vita aliwahi kubeba samaki kutoka pwani hadi miji ya Leeds na Manchester, biashara ambayo kila mvuvi na kila mchuuzi wa visiwani anaijua machungu yake, kwa maana samaki hawamngoji mtu aliyekwama njiani. Baada ya vita alinunua gari la mizigo akawa analipitisha kati ya York na Knaresborough, na kufikia mwaka 1754 biashara yake ilikuwa imekua hata akawa na gari la abiria aliloliendesha mwenyewe, safari mbili kwa wiki wakati wa kiangazi na moja wakati wa baridi. Kwa muda wa miaka mingi, basi, magurudumu yalimfundisha kila bonde, kila mteremko na kila mahali ambapo njia ilizama. Alizijua barabara kwa miguu, kwa mtikisiko wa gari na kwa sauti ya kwato, kama vile nahodha mzoefu anavyoujua mkondo wa bahari usiku wa giza.

Hapa yafaa tueleze kwa ufupi jinsi barabara zilivyokuwa zikitunzwa nchini Uingereza. Tangu mwaka 1555, sheria ilikuwa imewataka wanakijiji watoe siku nne kila mwaka, na baadaye siku sita, kufanya kazi bila ya malipo kwenye barabara zinazopita katika eneo lao. Utaratibu huo ulidumu kwa zaidi ya karne mbili, nao haukuleta barabara nzuri. Watu walifika na majembe yao, wakajaza mawe na udongo kwenye mashimo, wakarejea makwao. Mvua iliponyesha mashimo yalirudi. Kasoro haikuwa katika mikono ya wananchi. Ilikuwa katika kukosekana kwa msimamizi mwenye ujuzi wa kuwaonyesha nini kifanywe kwanza na nini kifuate. Sisi tuliolelewa katika kazi za kujitolea na za ujenzi wa taifa tunapaswa kulitafakari jambo hili, kwa kuwa jasho la wananchi ni amana, na amana isiyosimamiwa kwa ujuzi hupotea.

Ili kuliondoa tatizo hilo, Bunge la Uingereza lilianza kupitisha sheria za kuunda bodi za wadhamini waliopewa mamlaka ya kujenga barabara na kutoza ushuru kwa wanaozitumia. Mwaka 1765 sheria ya namna hiyo ilipitishwa kwa ajili ya barabara ya kutoka Harrogate kwenda Boroughbridge. Wajenzi wenye uzoefu walikuwa haba mno. Metcalf, ambaye umri wake ulikuwa unakaribia miaka 48, akajitokeza kuomba kazi, na wadhamini wakampa sehemu ya maili tatu kati ya vijiji vya Minskip na Ferrensby. Aliimaliza kwa namna iliyowaridhisha, na kutoka hapo kazi zikafuatana.

Mafunzo yake yalikuwa matatu, nayo hayajachakaa. La kwanza, barabara iwe na msingi imara. La pili, uso wake uwe umevimba kidogo katikati, ili maji ya mvua yasitulie juu yake. La tatu, pande zote mbili iwe na mitaro ya kuyapokea maji hayo na kuyapeleka mbali. Alikuwa ametambua kwamba adui mkubwa wa barabara ni maji kuliko gurudumu. Udongo mkavu huvumilia mzigo mzito. Udongo huo huo ukishiba maji, chembe zake huteleza zenyewe kwa zenyewe, na gurudumu jepesi hulifanya shimo.

Jaribio lililompa jina lilikuja katika barabara ya Huddersfield kwenda Manchester, kwenye sehemu inayopita juu ya milima ya Pule Hill na Standedge, karibu na kijiji cha Marsden. Mahali pale pana udongo mweusi uliotokana na majani na mizizi iliyooza kwa maelfu ya miaka bila ya kukauka. Udongo huo hunyonya maji kama sifongo. Mtu akiukanyaga hutikisika, na gari likipita huzama. Wasimamizi wa kazi waliona kwamba dawa ni moja tu: kuuchimba na kuuondoa wote mpaka ifikiwe ardhi ngumu, kisha barabara ijengwe chini kule.

Metcalf alipinga. Aliona kwamba kuchimba kungekula fedha nyingi mno. Pia handaki linalochimbwa katikati ya ardhi iliyoshiba maji lingegeuka kuwa mfereji, kwa kuwa maji ya pande zote yangelikimbilia, na kuta zake laini zingeporomoka. Wasimamizi hawakusadiki. Ndipo Metcalf alipotoa ahadi ambayo wakandarasi wa leo wangefaa kuisoma mara mbili: aachiwe ajenge kwa njia yake, na ikishindikana, atajenga upya kwa njia yao kwa gharama zake mwenyewe. Kwa sharti hilo wakamruhusu.

Njia yake ilikuwa hivi. Kwanza alichimba mitaro pembeni ili kupunguza maji. Kisha wafanyakazi walikusanya vichaka vifupi vyenye vijiti vigumu vinavyoota kwa wingi katika milima ile, wakavifunga miganda miganda. Miganda hiyo ilitandikwa safu kwa safu juu ya kinamasi ikielekea upande mmoja, kisha safu nyingine ikawekwa juu yake ikielekea upande wa kuikata ile ya kwanza, na zote zikashindiliwa. Juu ya kitanda hicho yakaletwa mawe na changarawe kwa magari yenye magurudumu mapana. Watu walikusanyika kutazama gari la kwanza likizama pamoja na farasi wake. Gari likapita salama, likafuatiwa na jingine. Sehemu ile iliyodhaniwa kuwa haipitiki ikawa miongoni mwa zilizo bora katika barabara nzima, na inaelezwa kwamba kwa miaka 12 haikuhitaji matengenezo.

Kwa nini vichaka visivyo na thamani viliweza kubeba mawe? Jambo hili si la uganga. Gurudumu linapokanyaga udongo laini, uzito wote huangukia mahali padogo, na pale pakishindwa huzama. Kitanda cha miganda iliyopishana huugawa uzito huo juu ya eneo pana, kama vile jahazi linavyobebwa na maji ambayo jiwe dogo lingezama ndani yake. Kitanda hicho vilevile huyatenga mawe na tope, ili mawe yasididimie na tope lisipande juu kuchanganyika nayo. Tena huyaacha maji yapenye na kutoka. Na kwa kuwa vijiti vimefunikwa ndani ya maji ya kinamasi yasiyo na hewa, haviozi upesi kama vile ambavyo vingeoza juu ya ardhi.

Metcalf hakuwa wa kwanza kuifahamu siri hiyo. Katika jimbo la Somerset, kusini-magharibi mwa nchi yake, mwaka 1970 ilifukuliwa njia ya mbao iliyojengwa juu ya kinamasi takriban miaka 5,800 iliyopita, na mbao zake zilikuwa zimehifadhika ndani ya udongo ule wenye maji. Waroma nao walitandika matawi na magogo palipokuwa na ardhi laini. Wala hakuwa wa mwisho. George Stephenson alipopitisha reli ya Liverpool na Manchester juu ya kinamasi kikubwa cha Chat Moss, kazi iliyoanza mwaka 1826, alitumia vichaka na matawi yaliyosukwa ili reli ielee. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1830, na treni zinapita hapo mpaka leo. Hata vitambaa imara na nyavu za kiwandani ambazo wahandisi wa siku hizi huzitandika chini ya kifusi penye udongo mbovu vinafanya kazi ile ile ya miganda ya Jack Kipofu: kugawa uzito, kutenga tope na kuyaachia maji njia.

Katika muda wa kazi yake Metcalf alijenga barabara zenye urefu wa maili 180 hivi, sawa na takriban kilomita 290, katika majimbo ya Yorkshire, Lancashire, Cheshire na Derbyshire, akiwaongoza mamia ya wafanyakazi. Alionekana akipanda milima na kushuka mabondeni peke yake, mkononi ana fimbo ndefu, akiipima ardhi kwa ncha yake na kwa nyayo zake. Hesabu zote za gharama na vifaa alizifanya kichwani kwa utaratibu wake mwenyewe, utaratibu ambao hakuweza kuwaeleza wengine wakauelewa.

Mwisho wa kazi yake haukuwa wa neema tupu. Alijaribu biashara ya pamba, haikumfaa. Kisha ujenzi wa mifereji ya maji kwa ajili ya majahazi ya mizigo ulienea, ushindani ukawa mkali na faida ya barabara ikapungua. Mwaka 1792 aliacha ujenzi akaenda kuishi kwa bintiye katika kijiji cha Spofforth. Miaka michache baadaye, akiwa mzee wa miaka 77, alitembea kwa miguu hadi York kumsimulia mchapishaji habari za maisha yake, na kitabu hicho kikatoka mwaka 1795. Alifariki tarehe 26 Aprili, 1810, akiwa na umri wa miaka 92, akazikwa Spofforth. Katika uwanja wa soko wa Knaresborough ipo sanamu yake, ameketi kwenye benchi.

Sasa tujiulize, habari za kipofu wa Yorkshire zinatuhusu nini sisi wa visiwani? Zinatuhusu kwa mambo manne.

La kwanza ni namna ya kumtazama mtu mwenye ulemavu. Sisi Waislamu tuliosoma vyuoni tunalijua jina la Abdullah bin Ummi Maktum, sahaba kipofu aliyekuwa mwadhini wa Mtume (S.A.W.), na ambaye mara kadhaa aliachiwa usimamizi wa Madina Mtume alipokuwa safarini. Funzo hilo tunalo kwa karne 14. Ikiwa leo mtoto asiyeona anawekwa nyuma ya nyumba wakati wenzake wanakwenda skuli, kosa si la kukosa mafundisho, ni la kutoyafuata.

La pili ni kusikiliza. Wadhamini wa barabara ile walikuwa watu wenye vyeo, na aliyesimama mbele yao alikuwa kipofu, mpiga fidla na mchukuzi. Hawakumwamini, lakini hawakumfukuza. Walimpa nafasi ya kuthibitisha, kwa sharti lililowalinda wenye fedha. Huo ndio uongozi. Katika mashamba yetu wako wazee wanaojua ni bonde gani hutoa maji chini kwa chini hata wakati wa kiangazi, na ni mahali gani njia ya zamani ilipindishwa kwa sababu. Mpimaji afikapo na vyombo vyake, aanze kwa kuwaamkia wazee hao na kuwauliza. Vyombo vyake havitapungua heshima kwa kufanya hivyo.

La tatu ni maji. Kisiwa cha Pemba ni cha vilima na mabonde, na barabara zake hushuka mabondeni mwa mpunga na kupanda tena. Unguja nako yapo maeneo ya mabonde yanayotuamisha maji. Mahali kama hapo, fedha inayotumika katika msingi na mitaro haionekani siku ya sherehe ya uzinduzi, na kwa hiyo kuna kishawishi cha kuipunguza. Kiongozi anayekubali mtaro uachwe ili uso wa barabara ung'ae amewakopea wananchi deni litakalolipwa masika ijayo. Na mtaro uliochimbwa hauna budi kuzibuliwa. Hiyo ni kazi ambayo jembe na nguvu za wananchi zinaitosha, mradi pawepo wa kuisimamia. Hatusemi kwamba turudi kutandika vichaka, wala tusikate mikoko kwa kisingizio hicho, kwa sababu mikoko ndiyo ngao ya fukwe zetu. Tunachosema ni kwamba kanuni ni ile ile, na vifaa vya kuitimiza vipo.

La nne ni kuandika. Hesabu za Metcalf zilikufa pamoja naye, na waliomfuata ikawabidi waanze upya. Kila fundi mzee, kila msimamizi wa barabara anayestaafu, ana daftari ndani ya kichwa chake: wapi kifusi kilizama, wapi karavati lilizibwa, ni tiba gani ilifaa na ipi ilishindwa. Idara zinazohusika ziwe na desturi ya kumketisha mtu huyo na kuandika ayajuayo kabla hajaondoka. Gharama yake ni kalamu na siku chache, na faida yake ni ya vizazi.

Mtu yule hakuiona hata barabara moja katika zote alizozijenga. Alizijua kwa uzito wa hatua zake na kwa sauti ya maji yanayotiririka mitaroni. Sisi tuliojaaliwa macho tusiishie kuutazama uso wa barabara. Masika ijayo haiko mbali, na kazi ya chini ya barabara hufanywa kabla mvua haijaanza.